Nguo za maduka madogo ya wabunifu: ukiwa chumba cha kujaribia unakagua nini?

KabatiDogo

Habari za humu wadau. Nataka kabati libaki na nguo chache zinazodumu: koti moja la sufu la bluu iliyoiva, mashati mawili ya pamba, suruali moja ya sufu na jozi moja ya viatu vya ngozi. Nalenga maduka madogo yanayojitegemea, ambako mwenye duka ndiye anayechagua kila kitu au anatengenezesha nguo zake mwenyewe. Tatizo ni kwamba ndani ya duka la namna hiyo kila kitu kinapendeza. Taa imewekwa kwa ustadi, henga ni za mbao, na kila lebo inasema nguo imeshonwa kwa uangalifu.

Naomba vipimo ambavyo mtu anaweza kuvifanya kwa dakika kumi na tano bila kuharibu nguo. Na je, neno "isiyopitwa na wakati" lina maana yoyote inayopimika, au ni la kuuzia tu?

SindanoNaUzi

Mkuu, kabla ya kuvaa chochote, kigeuze ndani nje. Nguo mpya karibu zote zinapendeza kwa nje. Ndani ndiko gharama inakopunguzwa kwanza.

Tuanze na shati. Hesabu mishono ndani ya sentimita moja kwenye mshono wa ubavuni. Shati zuri la pamba nyepesi lina 7 au 8. Lililoharakishwa lina 4 au 5. Mishono mirefu inamaliza kazi upesi, lakini kila mmoja unabeba mvuto mkubwa zaidi, ndiyo maana ukiuvuta kwa vidole viwili unauona unaachama. Usikipeleke kipimo hiki kwenye jinzi. Kitambaa kizito na uzi mnene vinataka 3 au 4 kwa sentimita, na ukizidisha, matundu ya sindano yanageuka mstari wa kuchanikia.

Kisha tazama kingo za kitambaa ubavuni. Kwenye shati lililoshonwa vizuri zimekunjwa na kufungiwa ndani, huoni uzi unaochomoza. Ovaloki (mshono wa kuzungushia kingo zisifumuke) peke yake si dhambi, ila kwenye shati la kufuliwa kila wiki kingo zilizofungiwa hudumu zaidi. Angalia pia upande wa nyuma wa mshono. Ukiona vijishikizo kama mnyororo, jua kwamba uzi ukikatika unaweza kufumuka wote kuanzia pale ulipokatika. Mshono wa kawaida wa cherehani unafanana pande zote mbili na haufumuki hivyo.

Vifungo: vya chaza ni vya baridi ukivigusisha mdomoni, na nyuma yake havilingani rangi. Vya plastiki havihisiki baridi hivyo na vinafanana kabisa. Muhimu kuliko malighafi ni shingo ya kifungo. Kwenye koti, uzi chini ya kifungo uwe umezungushiwa ukasimama kiasi cha milimita 3, sawa na unene wa kitambaa kitakachokaa hapo. Kifungo kilichobanwa hadi kwenye kitambaa kinavuta, na siku moja kinang'oka na kipande cha nguo.

Koti sasa, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Bana kitambaa cha mbele kati ya kifungo cha chini na pindo, kidole gumba nje na cha shahada ndani, uzitenganishe tabaka taratibu. Ukihisi tabaka la tatu linateleza lenyewe katikati, ndani kuna kanvasi iliyoshonwa, yaani kitambaa cha ndani kinacholipa koti umbo. Ukihisi mbili tu, na ya nje ni ngumu kidogo, mbele yote imebandikwa kwa gundi ya joto. Rudia kwenye ukosi wa kifuani. Makoti mengi mazuri ya bei ya kati yana kanvasi kifuani na kwenye ukosi tu, na chini yamebandikwa. Hiyo ni njia halali kabisa, mradi muuzaji anaisema.

Bana pia mshono wa nyuma wa suruali kiunoni. Kuwe na akiba ya sentimita 2.5 au zaidi kila upande, na miguuni upindo wa sentimita 4 hadi 5. Akiba ndiyo inayokuruhusu kubadilika mwili bila kuibadilisha suruali. Ukikuta sentimita moja iliyokatwa sawasawa na ovaloki, nguo hiyo haipanuki kamwe.

Kama kitambaa kina mistari au miraba, angalia kifuniko cha mfuko. Mistari ipite juu yake kana kwamba mfuko haupo. Kulinganisha hivi kunakula kitambaa zaidi, kwa hiyo aliyefanya hivyo hapo pengine hakubana kwingine.

Mtande

Naongezea upande wa kitambaa, kwa sababu mshono mzuri juu ya kitambaa kibovu ni kazi iliyopotea.

Uliza uzito. Duka linalojua kazi yake litakujibu bila kwenda kutafuta. Mashati ya kila siku huwa kati ya gramu 110 na 150 kwa mita ya mraba, na fulana nzito kiasi ni 180 hadi 220. Kwenye sufu ya suti kuna mtego: wauzaji wengi hutaja gramu kwa mita ya urefu, na kitambaa kina upana wa sentimita 150. Kwa hiyo "300" ya suti ni gramu 200 kwa mita ya mraba. Watu wengi wanalinganisha namba mbili ambazo si za kipimo kimoja.

Halafu ile Super 100, Super 120, Super 150. Inapima wembamba wa unyoya wa sufu, siyo ubora wa koti. Super 100 ni wastani usiozidi maikroni 18.75 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), Super 120 ni 17.75, Super 150 ni 16.25. Kadiri inavyopanda, kitambaa kinalainika na kinazidi kuwa dhaifu dhidi ya msuguano. Kwa koti moja la kuvaliwa mara kwa mara, na hasa kwa suruali inayosuguana mapajani, Super 100 au 110 ni chaguo bora kuliko 150. Ya juu waachie wenye makoti mengi.

Pamba inahukumiwa kwa urefu wa nyuzi. Nyuzi fupi zina ncha nyingi, ncha zinatoka nje, zinasuguana na kuwa vidonge vidogo vya manyoya juu ya kitambaa. Sugua kitambaa kwa kidole gumba mara ishirini sehemu isiyoonekana kisha ukitazame dhidi ya mwanga. Kikianza kutoa manyoya dukani, kazini kitaonekana kimechakaa mapema. Mchanganyiko wa pamba na poliesta ni mbaya zaidi kwa hili, kwa kuwa poliesta ni imara na inavishikilia vidonge visidondoke.

Fulana: ikunje kwa kufuata mishono ya ubavuni uone kama mapindo ya chini yanakutana. Kama mshono mmoja umeshaanza kuelekea tumboni ikiwa mpya, baada ya kufuliwa utakuwa mbele kabisa. Chanzo ni msokoto wa uzi wenyewe, pasi haiurekebishi.

Na kwa sweta, angalia kwapani. Vialama vidogo vya mshazari vinavyofuata mshono wa bega maana yake kipande kilifumwa kwa umbo lake tangu mwanzo. Visipokuwepo, mara nyingi kipande kilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kilichofumwa na kufungwa kwa ovaloki.

Lebo moja naiamini kwa sababu ina sheria nyuma yake: Harris Tweed. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1993 inataka kitambaa hicho kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides, Uskoti, majumbani mwao, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa hukohuko. Ukiona nembo ya tufe lenye msalaba imegongwa nyuma ya kitambaa, unajua umenunua nini. "Imeshonwa kwa uangalifu" haina mlinzi wa namna hiyo.

SoliMbili

Viatu kwa kifupi. Ingiza mkono ndani. Ukigusa au kuona mstari wa uzi kwenye soli ya ndani, hiyo ni njia ya Blake: soli imeshonwa moja kwa moja kutoka ndani. Kiatu kinakuwa chembamba na chepesi kukunjika, ila maji hupenya kirahisi zaidi na fundi anahitaji mashine maalumu kuibadilisha soli. Kama ndani hakuna uzi na nje kuna ukanda wa ngozi uliozunguka kiatu wenye mishono juu yake, huenda ni njia ya Goodyear, ambapo soli imeshonwa kwenye ukanda huo. Hapo soli inaondolewa na kuwekwa nyingine bila kugusa ngozi ya juu.

Nasema huenda, kwa sababu kuna ukanda wa pambo. Soli imegandishwa kwa gundi, mishono imechorwa au haishiki chochote. Chunguza kama kila mshono una uzi halisi unaozama, na uulize waziwazi: soli hii inabadilishwa? Na nani? Jibu la kuzungukazunguka linatosha kukurudisha nyumbani.

Kunja kiatu pale vidole vinapokunjikia. Ngozi nzuri inatoa mikunjo midogomidogo inayopotea. Ngozi iliyosuguliwa na kupakwa tabaka la rangi inatoa mikunjo mipana kama ya karatasi, na baadaye hupasuka palepale.

Soli za poliyurethani hujivunja zenyewe kwa unyevu wa hewa baada ya miaka kadhaa, hata kiatu kikiwa kwenye boksi. Usiziweke akiba.

KabatiDogo

Nashukuru sana. Koti nililokuwa nalitazama limebandikwa gundi mbele yote, nimelihakiki kwa kubana. Linakaa vizuri mno mwilini. Niliache?

SindanoNaUzi

Si lazima. Gundi ya siku hizi ikibandikwa kwa joto, mgandamizo na muda sahihi inakaa miaka. Inaharibika kwa njia mbili: gundi inaachia, au kitambaa na kile kilichobandikwa vinasinyaa kwa viwango tofauti. Matokeo ni malengelenge kifuani, na hayana tiba. Kinachoharakisha ni dawa za dobi wa kavu na mvuke mkali. Kwa hiyo piga brashi kila baada ya kulivaa, lipumzishe siku nzima kwenye henga yenye mabega mapana, na kwa dobi lipeleke kwa nadra.

Ila bei iwe ya koti la gundi. Likiuzwa kama la kanvasi, uliache.

Mkao unaoweza kurekebishwa na usioweza kurekebishwa ni vitu viwili. Kiuno, urefu wa mikono, upindo: kazi ndogo. Mabega na tundu la mkono: usinunue ukitegemea fundi. Inua mkono mbele kama unayemsalimia mtu. Koti zima likipanda nao, tundu la mkono limekatwa chini mno, na hakuna kitambaa cha kuliongezea juu.

Kuhusu "isiyopitwa na wakati", inapimika, angalau kwa koti. Kinacholifanya lipitwe ni vipimo vilivyosukumwa hadi mwisho. Ukosi wenye upana wa nusu ya umbali kati ya kola na mshono wa bega, ambao kwa wengi ni kama sentimita 8 hadi 9, haukuvutii macho upande wowote. Urefu ufunike makalio. Kifungo cha kufungia kikae karibu na kiuno chako halisi, si juu ya mbavu. Kola ya shati iwe na ncha za sentimita 7 hadi 8 ili ziingie chini ya ukosi. Vaa, funga kifungo, jitazame ubavuni na si mbele tu: pindo la mbele na la nyuma vikae karibu usawa mmoja. La nyuma likipanda, mgongo wako unahitaji urefu ambao koti hilo halina.

Mtande

Ukishachagua, omba kifungo cha akiba na kipande cha kitambaa hata cha sentimita 10 kwa 10. Duka linalotengenezesha lenyewe mara nyingi linavyo. Nondo akitoboa, nyuzi za mtande na mshindio (za urefu na za upana) zinachomolewa kutoka kwenye kipande hicho na kufumwa upya juu ya tundu. Rangi inalingana kwa sababu ni kitambaa kilekile.