Tupeane uzoefu: mgonjwa kazidiwa usiku, gari la wagonjwa hakuna, mlifanyaje?

#1 (mwanzisha mada)

Wakuu habari za saa hizi. Naandika hapa bado nauguza. Wiki tatu zilizopita mzee wangu, ana miaka 68, aliamka saa nane usiku kwenda chooni akaanguka, tunafika tunakuta mdomo umeenda upande, mkono wa kulia hauna nguvu, anataka kuongea maneno hayatoki. Tunakaa Chanika, Dar es Salaam, ndani ndani huko. Tulikuwa watu wazima wanne mle ndani na hakuna hata mmoja aliyejua apige namba gani, hicho ndo kitu kinaniuma mpaka leo. Mdogo wangu akatoka mbio hadi kijiweni akamkuta kijana wa bajaji amelala humo humo kwenye bajaji yake, tukamkunja mzee siti ya nyuma mimi nimemshika kichwa, zahanati ya kwanza mlinzi anasema daktari hayupo, ya pili wakampima presha wakakuta iko juu sana wakaandika rufaa, na gari la wagonjwa naliona kwa macho yangu limepaki pale nje ila dereva hayupo na simu yake haipatikani. Tukarudi kwenye bajaji. Mpaka tunafika hospitali yenye CT scan, ile mashine ya kupiga picha ya ubongo, ni saa moja asubuhi. Daktari akauliza ilianza saa ngapi, nikamwambia saa nane, akaandika akanyamaza. Baadae ndo naelezwa kwamba kuna kiharusi cha damu kuganda ambacho dawa ya kuyeyusha inatakiwa iingie ndani ya masaa manne na nusu. Sisi tulitumia matano.

Nimeomba mtu yeyote aliyepitia haya aeleze ilikuwaje na nini kilisaidia, ili mwingine asikutwe kama tulivyokutwa sisi.

#2

Pole sana mkuu, mzee apone. Mimi ni boda, kaka yangu aligongwa barabara ya Morogoro 2021. Watu wema wakajaa, wakambeba juu juu huyu miguu yule mikono wakamtupia nyuma ya Noah, hakuna aliyewaza shingo. Kufika hospitali tunaambiwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, iko wapi. Damu inatoka masikioni mtu anauliza fomu! Shemeji akachukua boda kwenda kituo cha polisi kuifuata, karibu lisaa lizima kaka yuko kwenye machela korido. Alipona lakini mguu wa kushoto anauburuza hadi leo.

#3

Ndugu wa hapo juu, poleni. Mimi ni muuguzi, zahanati ya kijijini Tabora, naomba niongee na upande wetu maana tunatukanwa sana.

Kwanza hiyo PF3. Mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Mtu akikuzuia mlangoni omba kuongea na daktari wa zamu au mganga mfawidhi, na mmoja wenu aende polisi wakati mwingine amebaki na mgonjwa, msiondoke wote.

Pili niwape kisa. Mwaka juzi masika, mama wa mimba ya tano kajifungua salama saa tatu usiku, kondo limetoka, mara damu inaanza kumwagika hainyamazi. Nimemchoma oksitosini, dawa ya kukaza kizazi damu ikate, nimefungua mishipa miwili dripu zinakimbia, nimekandamiza tumbo kwa mikono mpaka mikono inakufa ganzi, niko peke yangu na mhudumu mmoja. Hospitali ya wilaya ni kilomita 60. Nikapiga 115, hiyo namba ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, haikatwi hela, ni kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Yule wa kituo cha mkoa akaniuliza maswali kama mtu anayejua kazi, akaniambia ambulensi iko mbali lakini kuna dereva wa jamii, yani raia mwenye gari lake aliyesajiliwa na analipwa na mfumo. Baada ya dakika arobaini Probox ikafika. Nikapanda nae nyuma, njia nzima mkono wangu uko tumboni kwa yule mama, mtoni maji yamejaa yule dereva akashuka akapima kwa mguu kwanza ndo akavuka. Kule benki ya damu kulikuwa na chupa moja tu ya kundi lake. Mume hakuingiliana nae kundi. Dereva wa Probox ndo akatoa ya pili. Mama yupo, nakutana nae gulioni na yule mtoto.

Kwa hiyo mfumo ukiwepo unafanya kazi, nimeuona. Swali langu mimi ni huyu mzee wa kiharusi na huyu kaka wa boda aliyegongwa, wao wanapiga ngapi?

#4

Hilo swali ndo lenyewe dada. Polisi 112, zimamoto na uokoaji 114, mama na mtoto mchanga 115. Mzee akianguka chumbani unabaki na mtu wa bajaji.

#5

Sisi tulipata gari kabisa, tukalipia na mafuta. Mtoto wa dada, miezi tisa, nimonia, mbavu zinaingia ndani. Gari limekuja na king'ora, ndani kuna kitanda na dereva bas. Hakuna nesi, mtungi wa oksijeni upo lakini ni mtupu. Tulifika nae akiwa hai, akafariki kesho yake jioni. Kabla gari halijaondoka ulizeni oksijeni ipo? nani anapanda na mgonjwa? Mimi sikujua kama ni kitu cha kuuliza.

#6

Pole sana dadangu. Niko Likoni, Mombasa. Huku mgonjwa akizidiwa twavuka feri ndio tufike hospitali kubwa kisiwani, mama mkwe alishikwa na kifua usiku, tukangoja feri na kila dakika yaonekana mwaka. Tulipofika hospitali moja ya kibinafsi tukaitishwa depositi kwanza. Bwanangu akawatajia katiba yetu ya Kenya, ibara ya 43, kwamba mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura. Wakamuingiza. Ijueni haki yenu, isemeni kwa upole lakini isemeni.

#7

Bukoba hapa. Ndege ilipoanguka ziwani 6 Novemba 2022 waliokuwa na mitumbwi ndo walifika mwanzo, watu 43 walikuwemo, 24 wakaokolewa. Wavuvi wale hawakuwa na vifaa vya uokoaji, walitumia makasia. Kwa nini watu wa aina hii hawafundishwi huduma ya kwanza? Boda, bajaji, wavuvi, makonda, maana wao ndo wanafika kabla ya mtu yeyote.

#8 (muuguzi wa #3)

Naunga mkono. Na mtu wa kiharusi msimpe maji wala dawa ya presha mdomoni, koo linaweza kuwa limelegea akapaliwa. Mlazeni ubavu, andikeni saa ilipoanza. Mwanzisha mada, mzee anaendeleaje?

#9 (mwanzisha mada)

Asante dada, tulimpa maji kweli, hatukujua. Mzee ameanza kukaa mwenyewe, jana kasema jina la mama. Yule kijana wa bajaji ndo anayempeleka mazoezi ya viungo kila Jumanne na Ijumaa, namba yake tumeibandika mlangoni na tumewapa nyumba zote za jirani, nae amekubali simu isizimwe usiku. Endeleeni kuandika wakuu, nasoma zote.