Tupeane uzoefu: Yale ya bibi ambayo hayakusomwa kwenye wasifu wa marehemu

MjukuuWaMachame (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wale wa salamu nyingine, hamjambo.

Tumemzika bibi mzaa mama huko Machame, Kilimanjaro, miaka tisini na ushee. Wasifu ulisomwa kanisani kama kawaida yetu: kuzaliwa, kubatizwa, kipaimara, ndoa, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, kuugua, kufariki. Yote ni kweli tupu, lakini nilisikiliza mpaka mwisho bila kumsikia bibi mwenyewe. Hakuna aliyetaja vitambaa.

Bibi alifuma tangu usichana. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, kwa hiyo alipozaliwa yeye Ukristo ulikuwa umeshazoeleka vihambani (kwenye mashamba yetu ya nyumbani), na wasichana wa usharika walifundishwa kusoma, kushona na kufuma na akina mama waliowatangulia. Wengi waliacha walipoolewa, kazi za kihamba ni nyingi. Yeye hakuacha. Asubuhi ng'ombe wakatiwe majani, kahawa ihudumiwe, mchana mtori uive, halafu saa tisa hivi anakaa kibarazani na sindano yake ya kroshia mpaka giza linaingia.

Wenzake walifuma maua yale yale yanayoonekana kila sebule. Bibi alikuwa anatazama jani la mgomba lililochanwa na upepo, anarudi kulifuma. Alifuma kahawa iliyochanua. Alifuma zabibu za meza ya Bwana, na zabibu kwenye mti hajawahi kuziona.

Waliolelewa KKKT (Kanisa la Kilutheri Tanzania) wanaujua mnada wa sikukuu ya mavuno: ibada ikiisha watu wanatoka nje, mikungu ya ndizi, mayai, kuku, debe la mahindi, kila kitu kinanadiwa kwa kazi ya kanisa. Bibi kila mwaka alipeleka kitambaa. Mtu anakinunua, anakirudisha kinadiwe tena, mwingine anapanda juu zaidi. Wapo watu pale usharikani ambao sebuleni kwao mgeni akikaa tu anaambiwa, "Hicho kilichopo mezani ni cha mnada, cha mama fulani." Na kitambaa cha madhabahu cha Pasaka ni cha mkono wake mpaka leo.

Alinifundisha kuomba akiwa anafuma. Hafungi macho, haweki kazi chini, anataja wajukuu mmoja mmoja kwa majina kwa Kimachame, na akifika kwa aliye mgonjwa au aliye kwenye mtihani anapunguza kasi ya sindano. Tulijua hali ya kila ndugu kwa kumsikiliza tu.

Sasa naomba tupeane uzoefu. Bibi yako, awe hai au ametangulia, aliishije imani yake, na mikono yake ilifanya nini? Tuelezeni yale yasiyoandikwa kwenye karatasi ya msibani.

Kisima_cha_Mvumi

Pole sana ndugu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa.

Bibi yangu mzaa baba ni wa Mvumi, Dodoma, Mwanglikana. Hakujua kuandika. Alikuwa anatunga nyimbo.

Utaratibu wake ulikuwa huu: Jumapili anasikiliza somo likisomwa, Jumatatu anakwenda kupalilia uwele, na jioni anarudi na wimbo. Zaburi zilimpata sana, hasa zinazotaja mvua na nchi kavu. Mtu wa Dodoma huhitaji kumweleza hizo. Maneno aliyaweka kwenye mahadhi ya Kigogo ambayo wanawake waliimba kwenye ngoma zao. Wageni wengi hawajui kwamba kwetu muheme ni ngoma inayopigwa na wanawake, wanaibana kati ya magoti, na bibi aliipiga vizuri sana ujanani.

Alinisimulia kwamba alipokuwa binti, ngoma ilibaki nje ya mlango wa kanisa lao. Akakaa miaka mingi akiimba bila kupiga. Baadaye viongozi walipoiruhusu, akina mama walimfuata yeye, maana wasichana hawakuzijua zile pigo za zamani. Nilikuwa mdogo lakini namkumbuka siku ile, kikongwe tayari, anawaelekeza wake wa vijana mikono ikae wapi.

Mwalimu wa kwaya aliziandika baadhi ya nyimbo kwenye daftari. Nyingine zilikuwa kichwani mwake tu, zimekwenda naye. Nawaomba, mwenye bibi anayeimba amrekodi kwa simu wiki hii. Muulizeni pia wimbo aliutunga lini na kwa ajili ya nini. Sisi tuna sauti, ila sababu za nyimbo nyingi hatukuuliza, na kwake zilikuwepo: huu aliutunga mwaka wa njaa, huu mtoto alipopona surua.

MwanaWaKangundo

Poleni kwa msiba, Mungu awatie nguvu.

Sisi Wakamba nyanya tunamwita susu. Susu wangu alikuwa wa AIC (Africa Inland Church), mtu wa msimamo. Jumapili hakugusa hata uzi. Lakini kuanzia Jumatatu alisuka vyondo akiwa ameketi, akiwa amesimama, hata akitembea njiani kwenda sokoni. Katani anaisokota pajani, kiondo kinaning'inia kwapani, na mdomo unaendelea na habari. Zamani za mama yake walitumia nyuzi za magome ya miti, hata mbuyu. Yeye alikuta mkonge umeshaenea.

Miaka ya 1970 na 1980 vyondo vya Kenya vilipendwa sana ng'ambo, na hiyo ndiyo karo iliyomsomesha baba na ndugu zake. Babu alikuwa kibarua, mshahara ulikuwa wa chakula. Halafu vikaja vya mashine vya kuiga, bei ikaanguka, madalali wakaacha kupita. Kina mama wengi waliweka kazi chini. Susu akasema hakuanza kwa sababu ya madalali. Akawa anamsukia kila msichana wa kanisa anayeolewa, na mchoro wa kila mmoja ni tofauti. Alikaa siku kadhaa akiuliza habari za bi harusi kabla ya kuchagua rangi. Mke wangu alipewa chenye mistari ya udongo mwekundu na nyeusi, akaambiwa, "Umetoka mbali, umekuja kwenye udongo wetu."

Sadaka kanisani kwetu bado inakusanywa kwa vyondo vyake.

Pwani_ya_Matema

Wangu alikuwa mfinyanzi, Mkisi wa Ikombe, Ziwa Nyasa. Vyungu vinapandishwa kwenye mtumbwi, vinapelekwa mnada wa Jumamosi pale Lyulilo. Hakuwa msemaji. Imani yake uliiona kwenye jambo moja: chungu chenye ufa hata usioonekana hakukiuza, alikivunja mwenyewe mbele yetu. Tulikuwa na njaa na alikivunja. Sisi watoto tulilia, sasa nina watoto wangu na namwelewa.

Mama_Wawili

Nimesoma ya huyo wa Matema nimenyamaza. Wangu yuko hai kwa neema ya Mungu, nampigia leo.

Misenyi_Kwetu

Tukutendereza Yesu (tunakusifu Yesu). Wazee wa Kagera wataitika.

Bibi yangu aliokoka miaka ya 1940 uamsho ulipoenea Bukoba kutoka Rwanda na Uganda. Walokole, yaani watu wa uamsho huo, walikuwa watu wa kuungama hadharani na kurudisha walichochukua. Bibi alirudisha jembe la jirani alilolificha akiwa mke kijana na kusema mbele ya watu kwamba halijui. Alilibeba kichwani mchana kweupe, na kuku juu yake kama fidia.

Kazi yake ilikuwa mikeka ya ukindu. Kwetu nyumba za msonge zilitandikwa nyasi sakafuni, mkeka mzuri unawekwa juu kwa ajili ya mgeni. Bibi alitia rangi ukindu, zambarau na kijani, na alisuka mapambo ambayo aliyahesabu kwa kunong'ona, ukimkatisha anafumua safu nzima.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, walikimbia kuelekea kusini ya mto Kagera. Kila mtu alibeba anachoweza. Bibi alibeba Agano Jipya la Kihaya, mtoto wa shangazi, na mkeka ambao haujaisha, ameukunja na ukindu wake ndani. Baba yangu alimfokea njiani, mkeka wa nini. Waliko­lala ugenini, watoto wote wa ukoo walilala juu ya mkeka huo, na mchana bibi aliendelea kuusuka kuanzia alipoishia. Walipokutana wakimbizi wengine wakati wa sala ya jioni, ulitandikwa huo huo. Tunao. Nusu yake rangi imekoza, nusu nyingine haina rangi kabisa, maana huko ugenini rangi hazikupatikana.

MjukuuWaMachame

Misenyi, Mungu akubariki. Naomba kuuliza, yule jirani wa jembe alisemaje?

Misenyi_Kwetu

Alipokea jembe, kuku akamkataa. Bibi akamwacha kuku uani akaondoka. Baada ya muda yule mama akamwita amsaidie kuvuna kahawa, wakazoeana, na ndiye aliyemfundisha bibi kusuka ukindu mwembamba. Kabla ya hapo bibi alijua mikeka ya kawaida tu, ya kuanikia.