Tanga hadi Guangzhou: moja kwa moja kutoka Dar, au kuunganisha Addis au Dubai?

Mwana_Ngamiani: Habari za humu. Mwezi wa 10 namsindikiza mama mdogo kwenye maonyesho ya biashara ya Canton kule Guangzhou, anatafuta vitambaa. Nauli tulizopewa zinakaribiana. Ana matatizo ya magoti, kwa hiyo nataka njia itakayomchosha kidogo.

Mzee_wa_Segera: Hesabu yako ianzie mlangoni kwenu Ngamiani. Tanga–Dar ni kama kilomita 350, basi linakula saa sita hivi, halafu kuna kutoka kituo cha mabasi cha Mbezi hadi uwanja wa ndege. Ndege ikiwa ya mchana, laleni Dar.

Bi_Chumbageni: Kwa mstari ulionyooka Dar–Guangzhou ni kama kilomita 8,700, kwa hiyo saa kumi na nusu hivi hewani. Ukipitia Addis zinakuwa kama 9,800, na Dubai ni hizohizo 9,800. Kilomita 1,100 za ziada ndege inazimaliza kwa saa moja na kitu. Kinachomaliza watu ni kukaa uwanjani kusubiri ndege ya pili, kwa hiyo kwenye tiketi soma kwanza muda wa kusubiri.

Kwa magoti, angalia safari inavyogawanyika. Addis unaruka kwa saa tatu, kisha kama kumi mfululizo. Dubai ni tano na nusu, kisha saba na kitu, anapata kunyoosha miguu katikati.

Kijana_Raskazone: Kwa nini asivuke Horohoro apandie Kenya?

Bi_Chumbageni: Nairobi–Guangzhou ni karibu umbali uleule wa Dar. Hewani hapungukiwi kitu, ila anaongezewa mpaka na safari ya Mombasa hadi Nairobi. Kwa mgonjwa wa magoti sishauri kabisa.

Mwana_Ngamiani: Shikamoo Bi. Na mizigo tukiunganisha?

Bi_Chumbageni: Marahaba mwanangu. Kata tiketi moja ya safari nzima. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Tiketi mbili tofauti, hasara ni yako. Pale Dar soma lebo ya begi kabla halijaondoka: CAN ndiyo Guangzhou. Ukiona imeishia DXB, begi linashukia Dubai, sema hapohapo.

Kijana_Raskazone: Na saa je? China wako mbele yetu kwa saa 5. Tuseme mnaruka Dar saa 4 usiku moja kwa moja: mnatua saa 7 na nusu mchana kwao, huku Tanga ndiyo kwanza saa 2 na nusu asubuhi. Mchana metro inafanya kazi, laini namba 3 inaingia mjini kutoka uwanjani Baiyun. Kurudi huwa kunachukua muda zaidi, kwa sababu upepo wa juu unavuma kutoka magharibi na ndege inakwenda kinyume nao.

Mwana_Ngamiani: Nimemsomea mama mdogo yote. Anataka moja kwa moja, hataki kukimbizana na mageti. Nitamwombea kiti cha kwenye njia, awe anainuka. Ya Air Tanzania hairuki kila siku, kwa hiyo natafuta kwanza siku yake ndipo nipange basi.

Mzee_wa_Segera: Basi la asubuhi, siku moja kabla.