Naomba ushauri: darasa la mazoezi ya kudansi Tanga mjini, nina presha na goti linanisumbua

Mama_Vitambaa
Habari za humu wapendwa. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Makorora, nina duka la vitambaa Ngamiani kwa hyo kutwa nzima nimekaa kwenye kiti. Mwezi uliopita kliniki wameniambia presha ipo juu, nimeanzishiwa dawa na daktari akasisitiza sana mazoezi. Jimu za vyuma moyo wangu haupo huko kabisa, na kutembea peke yangu jioni jioni sipendi. Ninachokipenda ni kucheza, kwenye harusi mimi ndo wa mwisho kukaa chini jamani, kwa hyo nikasema nitafute darasa la kudansi.

Nimeshaenda kujaribu sehemu. Ya kwanza vijana watupu, wake kwa waume, ticha katupa mgongo anaruka mwanzo mwisho, spika mpaka kifua kinatetemeka, ukipotea hatua ndo basi, hakuna wa kukurudisha. Jioni ile goti la kulia likavimba. Nyingine wanacheza ufukweni saa 12 asubuhi na mimi muda huo nawaandaa watoto shule. Bajeti yangu isizidi elfu 30 kwa mwezi. Navaa hijabu na ningependa wanawake tupu. Mnaojua haya mambo hapa Tanga, darasa zuri mnalitambuaje kabla hujatoa hela? Natanguliza shukrani.

Bibie_Chumbageni
Pole dada na hongera kwa kuamua. Usilipe mwezi kabla hujaenda kukaa pembeni ukaangalia kipindi kimoja kizima, na ticha mzuri wala hakatai. Ukifika muangalie ticha, sio wanafunzi wa mstari wa mbele, wale washazoea. Angalia kama anageuka kuwatazama watu. Angalia kama kabla ya kubadilisha hatua anaonyesha kwa mkono tunakwenda kulia au kushoto. Alafu kubwa kuliko yote, kwenye kuruka anaonyesha na ya chini? Yani wenye magoti wanafanya hatua ile ile mguu mmoja ukibaki sakafuni, mikono na kiuno vinaendelea kama kawaida. Wa kwetu anaifanya hiyo ya chini yeye mwenyewe kwanza ndo anasema mwenye nguvu aruke, kwa hyo hakuna anayejiona kaachwa nyuma. Na akikuona mgeni anakufata kukuuliza una ugonjwa gani, unameza dawa gani, umewahi kuumia wapi. Asiyeuliza lolote mimi simuamini kabisa.

Mgosi_wa_Muheza
Dada yangu mimi mwanaume ila nichangie kidogo. Wife yuko kwenye kikoba cha kina mama hapo Mikanjuni, wao walikosa darasa la saa wanazotaka wakaamua kumwita ticha wa kike awafate. Wanachezea kwenye ua wa mwenzao mmoja wenye ukuta mrefu, baada ya alasiri, spika ndogo ya bluetooth inatosha, hela wanachanga ndani ya kikoba anapewa ticha kwa siku. Kila mtu inamwangukia kidogo sana kwa sababu wapo wengi. Na mmoja asipotokea wanampigia simu kumuuliza vipi, hiyo ndo imemfanya wife asiache mpaka leo. Kama na wewe uko kwenye kikoba au kundi la kina mama wa mtaani, wazo hili lipeleke kwenye kikao.

Nesi_Pwani
Nimefurahi kuona hii mada, mana wagonjwa wengi tunawaambia fanyeni mazoezi tunaishia hapo hapo. Mama, Shirika la Afya Duniani wanashauri dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, ukipata vipindi 3 vya dakika 50 umeshafika. Wastani maana yake ukiwa unacheza uweze kuongea sentensi na mwenzio ila kuimba ushindwe. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Tumia kipimo hicho kuliko hizi saa za mkononi, kwa sababu kuna dawa za presha kama atenolol zinashusha mapigo ya moyo zenyewe, saa itakuambia hujafanya kitu na wewe umeshachoka. Kama unameza dawa ya kukojosha muulize daktari kuhusu maji, na miezi ya joto hii ya Desemba mpaka Machi ukumbi usio na hewa uukwepe. Muziki ukizimwa usikae chini ghafla, tembea taratibu dakika kama 5 ndo ukae, ukikata ghafla presha inaweza kushuka ukapata kizunguzungu. Siku ukipima ukakuta 180 kwa 110 au zaidi usicheze, nenda kituo cha afya. Kifua kikibana au pumzi ikikata katikati ya mazoezi, simama hapo hapo na uende hospitali. Na dawa usiache ati kwa sababu umeanza kujisikia mwepesi.

kijana_Raskazone
Mi naona hilo la wanawake tupu linakupunguzia sana machaguo, madarasa mengi ni mchanganyiko na watu wanaheshimiana vizuri tu.

Bibie_Chumbageni
@kijana_Raskazone kaka wanaheshimiana ndio, ila mtu akicheza huku anavuta hijabu na kuangalia nani anamuangalia, huo mwili haufanyi kazi. Mwache atafute anapojiachia.

Ticha_Kiuno
Nafundisha mazoezi ya kudansi hapa mjini, nitaongelea goti. Cha kwanza sakafu. Sakafu ya mbao inanepa kidogo, simenti na vigae havinepi, kila ukitua mguu kishindo kinarudi kwenye goti, na kumbi zetu nyingi ni simenti au vigae kwa hyo kuruka ruka punguza hata kama goti lako zima. Cha pili raba. Wengi wanakuja na raba za kukimbilia zenye soli ya meno makubwa, ukizunguka mguu unagoma pale chini huku mwili umeshageuka, goti ndo linajinyonga katikati. Tafuta yenye soli nyembamba isiyo na meno, mtumba zipo. Ijaribu pale pale kwa muuzaji, simama kwenye vigae uzungushe kisigino, kama mguu unafata vizuri bila kukwama chukua, kama unakwama rudisha. Ila isiteleze kupita kiasi nayo, utaanguka.

Kuhusu Zumba, ile ni ya kampuni, aliianzisha Beto Pérez wa Kolombia, na ticha anayetumia jina hilo anatakiwa awe kasomea na ana leseni, muulize tu bila aibu. Wapo wasio na leseni wanafundisha erobiki na ngoma vizuri kabisa, hao wapime kwa zile dalili alizosema Bibie.

Na kwa goti lako mama mimi ningekushauri utafute ticha anayechanganya chakacha. Miguu inabaki chini, magoti yamelegea kidogo, kazi yote iko kiunoni na tumboni, na ukicheza dakika 10 mfululizo jasho litakutoka vizuri tu. Kina mama wa rika lako wanaishika haraka kwa sababu wameicheza tangu usichana, hawahangaiki kukariri hatua.

Shangazi_Bagamoyo
Huku kwetu Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa, na wanaofundishwa ngoma pale wanajua mwili unavyotakiwa kupashwa moto kabla. Hapo Tanga ukisikia kuna ticha aliyesomea pale mfate tu uongee nae, hata kama darasa lake sio la wanawake anaweza kukubali kuwafundisha kundi lenu pembeni.

Mama_Vitambaa
Jamani nashukuru sana, hilo la raba nimeshtuka, ninazo za kukimbilia zenye meno hasa na hakuna aliyeniambia. Kikoba ninacho, tupo 18 na nusu yetu wana presha au sukari, Jumamosi tuna kikao nitalitoa. Ticha_Kiuno, hivi ua wa simenti tukitandika majamvi inasaidia au miguu itanasa?

Ticha_Kiuno
Majamvi usitandike mama, yanajikunja kwenye kona na kuteleza, watu wataanguka. Chezeni kwenye simenti yenyewe na raba, bila kuruka, ua ufagiliwe mchanga kwanza. Mkiwa tayari njoo PM nije niwaone siku moja, hiyo ya kwanza sitoi bei.

Mama_Vitambaa
Nimeshakutumia meseji. Na Bibie naomba unielekeze kwenu wanafanya siku gani nije kukaa pembeni niangalie kabla ya kikao, nikiwaambia wenzangu nimeona kwa macho yangu watanielewa.