Mnahesabu koma kwenye marejeleo yetu, vyanzo vyenyewe hamfungui

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mradi wangu wa mwaka wa nne umerudishwa tena, na si kwa sababu hoja ni dhaifu au data haitoshi. Umerudishwa kwa sababu ya marejeleo. Wahadhiri wawili wa idara moja, ofisi zao zinatazamana, wanataka orodha ileile iandikwe kwa njia mbili zinazopingana, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo APA, ule mtindo wa kuandika marejeleo.

Chukueni mfano mmoja muone. Naandika kuhusu makazi ya zamani ya Eastlands, hasa Kaloleni. Mada hiyo huigusi bila kutaja mpango mkuu wa Nairobi wa 1948, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson, ukachapishwa London. Msimamizi wangu anashikilia toleo la 6 la APA, lile la 2009: waandishi wote watatu watajwe mara ya kwanza, na mji wa uchapishaji uwe kwenye orodha. Mtahini wa pili anafuata toleo la 7, lililotoka Oktoba 2019: waandishi wakiwa watatu au zaidi, unamtaja wa kwanza na wenzake tangu mwanzo, na mji wa uchapishaji umeondolewa kabisa. Kila mmoja yuko sawa kwa toleo lake. Anayekatwa alama pande zote mbili ni mimi! Nikiandika London nimekosea, nisipoandika nimekosea. Idara haina hata ukurasa mmoja unaosema tunatumia toleo lipi. Nilienda ofisini kuuliza, nikajibiwa, "Fuata anavyotaka mwalimu wako." Mwalimu yupi?

Hayo ya mji na koma ningeyameza. Kilichonichoma ni bibliografia yenye maelezo. Tuliambiwa kila chanzo kiandikiwe maelezo ya kama maneno 150, basi. Hakuna aliyetuonyesha hata mfano mmoja. Nikajisomea maktabani mpaka nikaelewa kazi yake: unasema chanzo kinadai nini, unakipima, yaani kimeandikwa na nani, kwa ushahidi gani na kimeacha nini, halafu unaeleza kitafaa vipi katika utafiti wako. Kwa hiyo kwenye ule mpango wa 1948 nilieleza kwamba waandishi wake ni wataalamu waliotoka Afrika Kusini kuja kupanga mji mkuu wa koloni, nikauliza sauti ya Mwafrika aliyepangiwa nyumba iko wapi. Msimamizi akapitisha kalamu nyekundu: "Maoni binafsi. Ondoa." Nikaondoa. Mtahini wa pili akaandika pembeni: "Huu ni muhtasari mtupu. Tathmini iko wapi?"

Tathmini ilikuwepo, jamani! Imekatwa na mwenzako wa mlango wa pili!

Kuna na faili nililolisoma katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue. Limeandikiwa "halina mwandishi, si chanzo". Barua za serikali ya kikoloni, zenye nambari ya faili ambayo mtu yeyote anaweza kwenda kuiombea akasome mwenyewe, si chanzo? APA ina utaratibu wake wa nyaraka za aina hiyo: kichwa, tarehe, mkusanyo, nambari ya faili, mahali linapotunzwa. Niliufuata wote. Na wazee niliowahoji Kaloleni, naambiwa majina yao yaingie kwenye orodha ya marejeleo. APA haiweki kwenye orodha watu uliowahoji kwa utafiti wako mwenyewe, na zaidi ya hapo niliwaahidi wazee hao, kwa fomu ya ridhaa waliyotia sahihi, kwamba hawatatajwa. Hapo sitii, hata nikipewa sufuri.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe. Huku tukisakwa kwa koma, nimeona kwa macho yangu orodha iliyopita bila doa la wino mwekundu, ilhali baadhi ya vyanzo vyake havipo popote. Vimetungwa na akili unde. Jina la jarida ni la kweli, mwaka upo, kurasa zipo, italiki imekaa inavyotakiwa. Bonyeza nambari ya DOI, ile inayopaswa kukupeleka kwenye makala yenyewe mtandaoni: inafungua makala ya mambo mengine kabisa, au haifungui kitu. Hakuna aliyebonyeza. Mwezi Juni 2023 mawakili huko New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, na walibambwa kwa sababu upande wa pili ulizitafuta kesi hizo ukazikosa. Kwetu nani anatafuta? Ripoti ya ufanano ya Turnitin inaonyesha maneno yako yanafanana na ya nani. Haikuhakikishii kwamba kitabu ulichokitaja kipo.

Ndiyo maana saiba zinazozunguka chuo zimebandika matangazo ukutani: kuprinti, kubaindi, kupanga marejeleo. Mwanafunzi analipa, na anayempangia hajafungua hata kitabu kimoja kati ya hivyo. Halafu tunaambiwa sisi ni kizazi cha njia za mkato. Tulifundishwa lini? Somo la mbinu za utafiti lilimaliza muhula kwenye sampuli na hojaji, marejeleo yakapewa slaidi moja mwishoni. Zotero ni programu ya bure, ipo tangu 2006, na inageuza orodha nzima kutoka mtindo mmoja hadi mwingine kwa kubofya tu. Nimeionyeshwa na mkutubi, si na idara. Lakini hakuna programu itakayowasomea watahini maelezo yangu kwa niaba yao.

Nimeandika barua kwa mkuu wa idara. Inadai mwongozo mmoja ulioandikwa, wenye toleo lililotajwa na mfano mmoja kamili wa maelezo ya chanzo. Inadai msimamizi na mtahini wakubaliane kabla mwanafunzi hajarudishiwa kazi. Na inadai kwamba katika kila mradi wafungue angalau vyanzo vitatu wavisome, kabla ya kugusa koma yoyote. Nahitaji sahihi. Wa mwaka wa nne mliorudishiwa kazi kwa sababu kama hizi, Jumatatu saa nne asubuhi nitakuwa nje ya maktaba na karatasi. Na wewe wa idara au chuo kingine ambacho kina mwongozo wa maandishi, tafadhali uweke hapa chini tuuambatishe, wasije wakatuambia jambo hilo haliwezekani.