Mnataka nilipie kuingia tao? Basi lenu liko wapi?

Wadau, haya maneno yatakuwa marefu, mnivumilie. Nimechoka.

Hili wazo la kutoza magari ada ya kuingia katikati ya Nairobi halifi. Linazikwa, kimya kinapita, kisha mkubwa fulani anasimama mbele ya maikrofoni na kutuambia magari ya watu binafsi yamezidi tao na dawa yake ni kuyalipisha. Nikisikia hivyo huwa nataka kumuuliza jambo moja tu: lini mara ya mwisho umepita Landhies Road saa moja asubuhi, bila king'ora cha kukufungulia njia?

Mimi ni fundi wa friji. Naishi Umoja, naendesha Probox iliyozeeka, ngazi juu, na nyuma mtungi wa gesi, pampu na kompresa moja au mbili. Sina ofisi tao. Naingia kwa sababu mabomba ya shaba na spea zangu ziko River Road na Kirinyaga Road, na kwa sababu wateja wangu wengi wako hukohuko: bucha, hoteli ndogo, maduka ya dawa. Makanga gani atanipakia na mtungi wa gesi? Na hata akikubali, mama aliyekaa na mtoto pembeni yangu amekosa nini?

Alhamisi iliyopita saa kumi na mbili unusu asubuhi simu ililia. Ni mama mwenye duka la dawa karibu na Tom Mboya Street. Friji imekufa usiku, ndani kuna insulini, ambayo inatakiwa ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8. "Fundi, kipimajoto kinasoma kumi na moja na kinapanda. Harakisha, tafadhali." Nilitoka hata chai sikunywa. Jogoo Road ilitembea vizuri hadi City Stadium. Baada ya hapo tukaganda.

Nataka niwaeleze nilichokiona pale, maana wanaopanga ada huongea kana kwamba foleni ni hesabu ya magari tu. Mbele yangu matatu nne zilikuwa zimesimama katikati ya njia zikishusha watu wa Muthurwa, kwa sababu steji ilikuwa imejaa hadi langoni. Mkokoteni wa viazi ulikuwa unavuka kutoka sokoni, kijana mmoja anavuta na wawili wanasukuma, jasho linawatiririka. Hakuna aliyewajengea njia, kwa hiyo wanatumia hii hii yangu. Kushoto maji machafu yamekula ukingo wa lami mpaka njia mbili zimebaki moja na nusu. Tulipofika kwenye taa za Haile Selassie Avenue, taa ilikuwa ya kijani. Chini yake afisa wa trafiki ametunyooshea kiganja. Taa ikawa nyekundu, ikarudi kijani, ikawa nyekundu tena, na kiganja kiko palepale. Nilitazama saa. Dakika kumi na tisa.

Niliingia dukani saa mbili na dakika arobaini. Yule mama alikuwa ameomba friji ya soda ya jirani, vile vichupa amevipanga mwenyewe katikati ya chupa za soda, na amesimama mlangoni kuhakikisha hakuna mtu anayeifungua. Kilichoharibika ni rilei, kile kiswichi kidogo cha kuwashia kompresa, kazi ya nusu saa. Njiani nilikuwa nimetumia zaidi ya saa moja na nusu.

Sasa najua atakayeniambia: "Umeona? Foleni ndiyo iliyokuchelewesha, ada ingekusaidia." Ndugu yangu, nimeliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Ada ingeondoa zile matatu nne? Zingeenda kushushia wapi? Ingempa mwenye mkokoteni njia yake? Ingekishusha kile kiganja? Ukinionyesha vile pesa yangu itatengeneza kimojawapo cha hivyo, nitakaa kitako nikusikilize.

Maana mimi sikatai ada kwa sababu ni ada. Nimesoma jinsi wenzetu walivyofanya. London ilianza Februari 2003, pauni 5 kwa siku, na siku ileile ya kuanza kulikuwa na mamia ya mabasi ya ziada barabarani, tayari yanabeba watu. Juu ya hapo sheria yao iliamuru pesa hiyo irudi kwenye usafiri, si kwingine. Stockholm walianza kuongeza mabasi Agosti 2005, wakajaribu ada kuanzia Januari 2006 hadi Julai, wakaisimamisha, kisha Septemba wakawauliza wananchi kwa kura. Wananchi walikuwa wameishi na ada na wameishi bila ada, wakapiga kura wakijua wanachochagua. Ada ilirudi 2007 kwa sababu watu wenyewe waliikubali. New York wameanza Januari 2025, dola 9, na treni zao za chini ya ardhi zimekuwa zikibeba watu tangu 1904. Mtu wa kule akiacha gari nyumbani ana kitu cha kupanda.

Mimi nikiacha gari Umoja napanda nini? Treni ya Embakasi huja asubuhi na jioni, watu wamening'inia mlangoni. Matatu ikinyesha mvua nauli inapanda kabla hujafunga mwavuli. Na mabasi ya mwendo wa kasi je? Karibu na mwaka 2019 walipaka mstari mwekundu Thika Road wakatuambia hiyo ndiyo njia ya mabasi. Njia zote zikapewa majina ya wanyama, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Majina tumepata. Rangi imefifia. Basi ninalosubiri mimi mtu wa Jogoo Road sijaliona.

Na si kwamba hawajawahi kutujaribia. Desemba 2018 Sonko, gavana wa Nairobi wakati ule, alipiga matatu marufuku kuingia tao. Asubuhi ile dada yangu, ambaye mguu wake mmoja una chuma tangu ajali, alishushwa mbali na akatembea na umati uliojaza barabara nzima, watu wana watoto mgongoni, wana mizigo kichwani. Amri yenyewe haikumaliza wiki. Mwanzoni mwa 2019 waziri wa uchukuzi akatangaza kwamba Jumatano na Jumamosi magari hayataingia katikati ya jiji. Ikaahirishwa, ikayeyuka. Kisha kikajengwa kituo cha matatu cha Green Park ili kupunguza matatu zinazoingia tao, majaribio yakafanywa 2021, na miaka iliyofuata tukawa tunalipita geti la kituo hicho huku matatu zikiendelea kugeuza palepale zilipokuwa zinageuza. Kila mara wanaanza na kumzuia mwananchi, halafu lile la kumbeba mwananchi linaachwa njiani.

Twende kwenye pesa sasa, maana hapa ndipo damu inanichemka. Kila lita ya petroli ninayoweka ina shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara. Zilikuwa 18, zikapandishwa Julai 2024. Juu yake kuna VAT, ambayo 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Nikifika tao nalipa pakingi. Ile pakingi ilikuwa 140 mpaka 2013 ilipopandishwa kuwa 300, na tangu hapo imekuwa ikipanda na kushuka kulingana na nani amekalia City Hall, ofisi ya gavana. Nikishalipa kanjo, yaani watu wa kaunti, kuna kijana amesimama kwenye nafasi, hatoki mpaka nimpe mia. Kile kipande cha Landhies kilicholiwa na maji kimelipiwa mara ngapi? Nani ameketi akatuonyesha: pesa za pakingi za mwaka huu zimejenga hiki na hiki? Kisha mnataka nifungue mkono mara ya nne.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, kila mwaka. Hayo hatujayasahau. Watu walikufa kwenye maandamano Juni ile kabla mswada mzima haujarudishwa. Kwa hiyo mtu akileta ada nyingine ya magari leo, asishangae tukimuuliza maswali kwa sauti ya juu.

Halafu ni nani hatalipa? Semeni mapema. Magari ya GK, yaani ya serikali, yatalipa? Ya wabunge, ya makatibu, ya wale wanaopita upande usio wao huku sisi tunasukumwa pembeni? Kama orodha ya wasiolipa itaanza na wao, basi ada hii ni ya kutuondoa sisi ili wao wapite vizuri. Mwenye gari la milioni kumi na tano atalipa na hatajua imetoka. Mimi nitaijua siku ileile, kwa sababu wiki nyingine naingia tao mara sita.

Na wale ambao hawatalipa kwa kuogopa gharama watapita wapi? City Stadium, Lusaka Road, Bunyala. Aliyewahi kukaa Bunyala jioni akisubiri kuvuka Uhuru Highway anajua pale hakuna nafasi ya hata boda moja zaidi. Foleni ya tao mtaihamishia South B na Industrial Area, halafu mtatuonyesha picha ya Kenyatta Avenue iliyo tupu.

Ninachotaka hakihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Tengenezeni taa kisha muziache zifanye kazi. Mpeni mwenye mkokoteni njia yake. Leteni mabasi Jogoo Road, yawe na njia yao ambayo hakuna anayeingia, yaanze saa kumi na moja asubuhi. Yatembee mwaka mzima tuyaone. Andikeni kwenye sheria, si kwenye hotuba, kwamba kila shilingi ya ada inarudi kwenye usafiri, na hesabu ichapishwe. Halafu njooni mtuulize kwa kura. Siku hiyo hata mimi, kwa zile safari ambazo sibebi mtungi, Probox itabaki Umoja.

Jana yule mama wa duka la dawa alinitumia ujumbe kuniuliza kama ni kweli ada ya kuingia tao inakuja, na kama ikipita nitaiweka kwenye bili yake. Ana wagonjwa wanaonunua dawa kwa vipande, vidonge vya siku tatu kwa sababu za mwezi hazifikiki. Sijamjibu bado, kwa sababu jibu ni ndiyo.