Mrejesho: darasa la kinanda kwa hedifoni

Wakuu, niliuliza namna ya kufundisha vinanda vingi chumba kimoja bila kelele, huku nikimsikia kila mwanafunzi. Imekubali.

Kila kinanda kina waya wa kugawa sauti: upande mmoja hedifoni, mwingine unakuja kwenye miksa yangu (mashine ya kuchanganya sauti). Nikibonyeza PFL (kitufe cha kusikiliza chaneli moja peke yake) ya chaneli fulani namsikia huyo tu, wenzake hawana habari. Angalizo: plagi ya stereo ukiichomeka kwenye tundu la mono la miksa, kushoto na kulia vinafutana, sauti inabaki nyembamba mno. Tumia waya unaotenganisha L (kushoto) na R (kulia), uchomeke plagi moja tu kati ya hizo mbili.

Bluetooth aliyoshauri mdau nimeipiga chini, noti inachelewa kufika sikioni. Maiki bado sijaweka, nikitaka kusema nazima na kuwasha taa, wote wanavua hedifoni.